Jina Nililompa Binti Yangu

Binti yangu alipotuambia kwamba anataka kupunguzwa matiti hospitalini, mama yake alikuwa anachambua mchicha na mimi nilikuwa nasikiliza redio. Niliizima. Nadhani hilo ndilo jambo pekee la maana nililofanya siku ile, maana baada ya hapo nilikaa nikitazama miguu yangu.

Ana miaka thelathini na minane. Ni fundi cherehani hapa Kihonda, chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho anachofanyia kazi. Waliachana na mumewe zamani, na mtoto wao mmoja anasoma shule ya bweni. Tangu usichanani ana matiti makubwa, mazito kuliko mwili unaoyabeba. Sidiria za dukani hazimtoshi. Hushona zake mwenyewe kwa kitambaa kigumu, mikanda yake mipana kama ya begi la shule, na bado mikanda hiyo imemchimba mabega. Mama yake amewahi kuniambia kwamba pale begani pana mfereji, ukilaza kidole kinakaa. Wakati wa joto ngozi ya chini ya matiti huchubuka na kutoa vipele. Vidole hufa ganzi akiwa kwenye cherehani, na jioni akiinuka hushika ukuta kwanza, halafu ndipo anyooke, kama anavyoweza kunyooka.

"Daktari anasema inawezekana," alisema. "Wanapasua, wanatoa nyama, wanashona. Chuchu wanaipandisha juu kidogo."

"Wanaipandisha? Kwani ni kifungo?" mama yake aliuliza.

"Inabaki na mzizi wake, mama. Lakini inaweza kupoteza hisia. Na nikizaa tena huenda nisiweze kunyonyesha. Na makovu. Ameniambia yote, hakunificha."

"Na nusukaputi?"

"Na nusukaputi."

Mama yake aliweka chini mchicha. "Wewe ni fundi, mwanangu. Unajua mkasi ukishapita."

"Najua, mama. Ndiyo maana naogopa."

Kisha akanigeukia. "Baba, wewe unasemaje?"

Nikamjibu kwa maneno niliyoyatumia maisha yangu yote. "Mimi ni baba tu. Hayo ni ya ukoo wa mama yako. Kamwulizeni mjomba."

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Jambo zito likimfika, kaka wa mama ndiye anayeitisha watu na kutoa neno, na baba hukaa pembeni kwa heshima. Desturi hiyo haina ubaya, na wajomba wengi wamewaokoa watoto kwenye mikono ya baba wabovu. Ubaya ulikuwa wangu. Kila nilipotakiwa kusema jambo linaloniuma, nilikimbilia huko. Ada ya shule, ni mjomba. Posa, ni mjomba. Na sasa kisu.

Jumamosi tukapanda Matombo, kwao mke wangu. Wageni wakisikia maana ya jina hilo hucheka, kwa sababu kwa Kiluguru matombo ni matiti. Wenyeji hawaoni haya kulitaja, ni kwao.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa ameanika pilipili manga kwenye mikeka uani. Alitupokea huku anaigeuza kwa kiganja. Walikuwapo pia mama wadogo wawili na vijana wachache wa ukoo. Nililetewa sahani ya ndizi za kuchemsha.

"Shemeji," akaniambia, "umekuja kikaoni au umefuata ndizi?"

"Vyote viwili, shemeji."

"Basi kula. Baba wa mtoto huku kwetu kazi yake ni mbili, kula na kuitikia."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimefarijika, nasema kweli. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kunyamaza.

Binti yangu alieleza mambo yote upya, kwa sauti ya chini, kanga ameivuta mpaka shingoni. Alipofika kwenye kupasuliwa, mama mdogo mmoja akadakia, "Jamani, si angenigawia mimi! Mimi yangu tangu nizaliwe yako kama vifungo vya shati." Hata binti yangu alitabasamu.

Shemeji hakutabasamu. "Mwanangu, nisikilize. Mjini mnasema titi. Sisi tunasema tombo. Na hawa waliokaa hapa, waliotoka kwa bibi mmoja, tunawaitaje? Tombo. Tombo moja. Sasa unakuja kuniambia mimi mkubwa wa tombo nikubali tombo likatwe?"

"Wanapunguza, mjomba. Hawalikati lote."

"Mgomba ukipunguzwa kwa panga, utasema haukukatwa?"

"Mgomba ukizidiwa na mkungu mnauwekea mti wa kuuegemeza," binti yangu alisema. "Mimi mti wangu uko wapi?"

Shemeji aliacha kugeuza pilipili. Ni mtu mkali, lakini si mjinga, na aliona kwamba amejibiwa. Alipangusa viganja, akauliza kwa upole.

"Nikuulize moja. Ni maumivu au ni aibu? Maana mtu hawezi kupelekwa kwenye kisu kwa sababu ya aibu."

"Sijui, mjomba," binti yangu alisema. "Yamekaa pamoja miaka mingi, siwezi kuyatenganisha. Nilipokuwa darasa la sita nilipewa jina. Siku nyingine nafikiri ninachotaka kukata ni lile jina, siyo nyama."

"Jina gani?"

Alitazama chini. "Mizinga."

Hakuna aliyecheka.

"Nani alikupa?"

"Msichana niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa rafiki yangu."

Ndizi ilinikwama. Nikanywa maji. Mke wangu akadhani nimepaliwa, akanipiga mgongoni.

Shemeji alikata neno. "Rudi ukafikiri. Kama ni maumivu, nenda, na mimi mwenyewe nitakuja kutoa damu, kama wanaipokea ya mzee. Kama ni jina, hakuna daktari atakayelifikia. Ukishajua, nipigie. Usinipigie kabla hujajua."

Msichana yule hakumpa jina. Nilimpa mimi.

Wakati huo nilikuwa kibarua, kisha mwajiriwa, kwenye kiwanda kilichoko Mzinga, nje kidogo ya mji. Sisi tuliofanya kazi upande ule hatukutaja kiwanda, tulitaja mahali tu. Ukimwona mtu anarudi na baiskeli yake jioni, unasema anatoka Mzinga. Na mzinga, kama kila mtu ajuavyo, ni wa nyuki, na pia ni ule unaopiga kombora.

Jumapili moja alasiri wenzangu watatu wa zamu walikuwa barazani kwangu tunacheza drafti. Binti yangu alileta mihogo ya kuchoma kwenye sinia. Mwili wake ulikuwa umebadilika kwa ghafla tangu mwaka uliotangulia. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye kifua cha mwanamke mzima, na mimi baba yake sikujua niweke macho wapi. Aliinama kuweka sinia, akaondoka. Mmoja wa wenzangu alikohoa, akatazama ukuta. Niliona aibu, na aibu ile nikaitafutia mlango wa kutokea.

"Jamani," nikasema, "mimi kila siku natoka Mzinga, kumbe mizinga imenitangulia nyumbani!"

Walicheka mpaka kete zikaanguka. Niliona fahari, kama mtu aliyefunga goli. Binti yangu alikuwa ameshaingia ndani, hakusikia.

Mwenzangu mmoja alilipeleka neno kwake, akalisimulia mezani. Binti yake alisoma darasa moja na wangu, dawati moja. Baada ya siku mbili tatu shule nzima ilikuwa nalo. Watoto wa eneo letu walijua vizuri mizinga ni kitu gani, na walikuwa na vipaji. "Inamisheni vichwa, mizinga inapita!" "Mwalimu, kuna mizinga, tuingie handakini?" Alirudi nyumbani analia, akasema rafiki yake ndiye aliyemwita hivyo mara ya kwanza, mbele ya wote, akiwa anacheka.

Mama yake akaniambia niende kwa mzazi mwenzangu nikalalamike. Nilikwenda. Nisingeweza kueleza kwa nini siendi. Mwenzangu alinisikiliza, akaanza kucheka. "Si neno lako mwenyewe hilo, bwana?" Nikamwambia ndiyo, lakini mama watoto amekasirika, tufanye nini. Tukashauriana kama watu wazima. Akamwita binti yake uani, akamchapa fimbo nne, na mimi nimesimama pale. Yule mtoto hakulia sana. Alinitazama mimi kuliko alivyomtazama baba yake. Nikarudi nyumbani nikasema, "Nimelimaliza."

Wale wasichana hawakusemeshana tena. Wangu alianza kutembea na daftari kifuani, mabega ameyaleta mbele, kichwa chini. Alifaulu kwenda sekondari akakataa, akasema anataka cherehani. Sasa naelewa alitaka kazi ya kukaa, nyuma ya meza. Wakati ule nilisema ni uamuzi wake na wa ukoo wake.

Tuliposhuka kutoka Matombo sikuweza kula vizuri. Nilikuwa nimekaa na siri ile zaidi ya miaka ishirini bila shida kubwa, nikiamini imeoza yenyewe. Sasa ilikuwa imewekwa kwenye mizani pamoja na mwili wa mtoto wangu. Niliwaza hivi. Nikinyamaza, huenda akaacha matibabu kwa kudhani ni aibu tu, akainama mpaka akawa kibyongo akiwa na miaka hamsini. Au ataamua kupasuliwa, asiamke kwenye nusukaputi, na itakuwa amekufa kwa sababu ya utani wangu wa barazani. Nikisema, nitampoteza. Nilizunguka na mawazo hayo kama ng'ombe anayezungusha kinu cha ufuta. Nilipima presha kwenye duka la dawa mara mbili kwa wiki moja. Yule binti wa dukani akaniuliza, "Babu, una ugomvi na nani?"

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa binti yangu. Alikuwa anashona sare za shule, hakusimamisha cherehani, alinikaribisha kwa kichwa.

"Shikamoo, baba. Kaa hapo, ondoa hivyo vipande."

Nilikaa juu ya vipande. Nikamwambia. Sikuwa na mpangilio. Nilianzia kwenye drafti, nikarudi kwenye mihogo, nikalitaja neno lenyewe, halafu ziara yangu kwa mwenzangu. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedali.

"Kwa hiyo hakulitunga yeye," alisema.

"Hapana."

"Alilisikia kwao."

"Kwa baba yake. Na baba yake kwangu."

"Na akachapwa."

"Alichapwa."

"Wewe uliona?"

"Nilikuwepo, mwanangu."

Nilitegemea alie, au apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliinua kitambaa, akaangalia mshono, akakata uzi kwa meno.

"Mimi nilimtemea mate yule," alisema. "Kwenye bomba la maji. Nilimtemea mate usoni, na yeye akajipangusa akaenda zake." Kisha akasema, "Baba, nenda nyumbani."

"Mwanangu, na hospitali..."

"Nenda nyumbani, baba."

Wiki tatu hakukanyaga kwetu. Alizungumza na mama yake kwa simu, na nikikohoa karibu alikata. Mke wangu ilibidi nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja nguo. Tangu siku ile chakula changu kilikuja kwa wakati kama kawaida, ila hakunikaribisha kula. Shemeji alipiga mara moja. "Ameshajua?" Nikasema sina habari. "Wewe umekuwa na habari lini?" akasema, na kwa mara ya kwanza utani wake uliniingia kama msumari.

Sikuomba msamaha kwa mtu yeyote siku hizo. Nilichoomba, kila baada ya sala, ni asifanye uamuzi kwa hasira. Mtu mwenye hasira anaweza kukataa dawa ili kumwadhibu aliyemsababishia ugonjwa. Niliwahi kumwona ndugu yangu akifa hivyo.

Alikuja Ijumaa moja mchana, ameshika bahasha ya hospitali. Alimsalimia mama yake, akanisalimia na mimi, akaketi kwenye kiti cha mbali.

"Nilimtafuta," alisema. Sikuuliza nani. "Ana genge la mboga upande wa pili wa mji. Nilipita mbele yake mara tatu nikijifanya nauliza bei ya nyanya. Mara ya tatu akaniambia, dada, nyanya hazijapanda tangu ulipouliza, sema ulichokijia."

Mama yake alicheka kidogo, akajizuia.

"Nikamwambia. Akasema alidhani ni jina zuri, kwa sababu baba yake alilisema akiwa na furaha, na baba yake hakuwa na furaha mara nyingi. Halafu akaniuliza kama mgongo bado unaniuma."

"Alijuaje habari za mgongo?" nikauliza.

"Na mimi nilimwuliza hivyo hivyo. Akaniambia, kwani umesahau? Darasa la tano wewe ulikuwa unaniomba nikubebee begi, unasema mabega yanawaka. Tulikuwa tunapeana zamu, wewe unanibebea fagio, mimi begi lako. Darasa la tano, baba. Hilo jina lilikuja la sita."

Alitoa karatasi kwenye bahasha, akazinyoosha juu ya paja moja baada ya nyingine. Vipimo vya damu, picha ya kifua, barua ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam.

"Mimi nilisahau," alisema. "Nilikumbuka jina tu, likafunika yote. Sasa nimeshajua. Nimempigia mjomba kabla ya kuja hapa. Ameuliza aje lini kutoa damu."

"Amekubali?" mama yake aliuliza.

"Sikumwomba akubali, mama. Alisema nikishajua nipige, nimepiga." Alikunja karatasi. Kujua hakukumwondolea hofu. "Naogopa sana. Daktari ameniambia ngozi zetu hupenda kuota makovu manene. Lakini nakwenda."

"Nitakusindikiza," nikasema.

"Hapana, baba. Nakwenda naye. Yeye atafunga genge wiki mbili." Aliinuka, akashika ukuta. "Wewe kama una maneno, mpelekee yeye kwanza."

Nilikwenda gengeni kwake Jumatatu, asubuhi waliyokuwa wanasafiri. Nilikuta mwanamke mnene, mchangamfu, anafunga mafungu ya kisamvu ili jirani yake amuuzie. Aliponiona alifuta mikono, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Sistahili, mwanangu. Mimi nimekuja..."

"Itikia kwanza, baba. Mengine baadaye."

Nikaitikia. Kisha nikamwambia niliyokuja nayo, nimesimama, maana hakuwa na kiti cha pili. Nilitaja fimbo nne.

"Fimbo nilishazisahau," alisema. "Baba alikuwa anachapa kila siku, ya siku ile haikuwa na sifa. Kilichoniuma ni kukaa dawati peke yangu mpaka la saba." Akatazama barabarani kama gari limefika. Hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza. Alinipa fungu la mchicha nimpelekee mama, akakataa katakata nilipotaka kulipa.

Leo ni Jumatano. Waliniambia kupitia kwa mke wangu kwamba anaingizwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Saa nne nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Saa sita mke wangu aliacha kuvuta tasbihi, akaketi na simu mapajani, wala mmoja wetu hakuthubutu kupiga. Mtu asiyepiga simu anaweza kuwa anafanya nini, katika jengo kama lile? Nilijiambia yule rafiki ameishiwa chaji. Nilijiambia amekwenda kutafuta chai. Nilianza kuandika haya ili mikono ipate kazi.

Saa nane na nusu simu ililia. Alikuwa ni yule rafiki, na mke wangu alinipa nisikilize mimi, kwa sababu yeye masikio yalikuwa yamejaa woga.

"Ametoka, baba. Bado ana usingizi. Daktari anasema wamemaliza salama, tungoje vidonda vipone."

"Amesema chochote?"

"Ameomba maji. Wamemkatalia kwanza."

Nikashukuru, nikakata, nikamweleza mama yake neno kwa neno. Alilia, akajifuta kwa upindo wa kanga. Kisha akaniuliza kama mtoto ameniulizia.

Nikamwambia ukweli, kwamba hapana.